Shanga za Bibi Kwenye Chupa za Asali

Naanza kwa kukiri, maana wengi wenu mmeshaiona ile video na mnaniita Kaka Shanga mkidhani sisikii: ndiyo, ni mimi, ndimi niliyesimama mbele ya ukumbi uliojaa mama zangu na dada zangu, kipaza sauti mkononi, shati limepigwa pasi mpaka linakata, nikatangaza kwa kujiamini maneno ambayo mpaka leo nikiyakumbuka nikiwa peke yangu bafuni natoa mguno bila kutaka. Leo nasimulia yote, mara moja, kwa mdomo wangu mwenyewe, kwa sababu kwenye video mnaona kicheko tu, hamuoni kilichotangulia, wala hamuoni kilichofuata, na hicho kilichofuata ndicho kinachonifanya nitembee kifua mbele hapa Korogwe, aibu yangu nimeibeba begani kama mtu aliyebeba mkungu wa ndizi wa shambani kwake.

Nilikuwa mwaka wa mwisho chuoni, nasoma ubunifu wa michoro (kwa wasiojua: nembo, lebo, mabango, vifungashio, yaani kila kitu kinachokufanya uchukue sabuni hii uache ile). Nyumbani kwetu Mnyuzi hakuna aliyeelewa. Mjomba alitangaza kwamba nimekwenda kusomea kuandika "Saluni ya Kiume" kwenye kuta za watu. Aliyenitetea ni mmoja tu, Bibi Zaina, mama yake baba, aliyenilea tangu nikiwa na meno ya utoto. Bibi ni Mzigua wa Handeni aliyeolewa na kibarua wa shamba la mkonge, na mimi, kama mnavyoitwa nyinyi wajukuu wa kiume na bibi zenu, ananiita mume wangu.

"Mume wangu anasomea kuvalisha vitu nguo," alimwambia mjomba. "Kitu kikitoka uchi nani atakinunua?"

Sijawahi kupata maelezo mazuri zaidi ya hayo ya kazi yangu, hata kwa mwalimu.

Sasa, kazi ya kumalizia chuo ilikuwa moja kwa wote: buni kifungashio cha bidhaa ya huku kwetu, na mapambo yake yatoke kwenye utamaduni wa nyumbani kwenu. Mwalimu wetu, Mwalimu Mhina, Msambaa mpole anayevaa sweta hata jua likiwa linapasua mawe, siku hiyo upole ulimtoka. "Sitaki kuona twiga," alisema. "Sitaki kuona Mmasai anaruka, sitaki kuona mlima wenye theluji. Twiga amefika lini Korogwe? Nendeni majumbani, mkaangalie vitu ambavyo mmevizoea mpaka hamvioni tena."

Halafu akaongeza jambo lililoniondolea usingizi. Kikundi cha akina mama wafugaji nyuki kutoka Handeni kingekuja siku ya maonyesho kuchagua kazi moja ya kuvalisha asali yao, ile asali nyeusi tamu mliyoizoea kuiona barabarani Kabuku ikiuzwa kwenye chupa za maji zilizokwisha kunywewa. Itakayochaguliwa itachapwa kweli na kuuzwa kweli. Nikajiona nimepita dukani na mjomba, nanyoosha kidole juu ya rafu, sisemi neno.

Nikaenda Mnyuzi. Nikaangalia ungo, lakini ungo alishauchukua Pendo, rafiki yangu wa darasani. Kinu kilishachukuliwa. Mkeka ulichukuliwa na watu hata sikuwahesabu. Nikakaa uani nimekata tamaa kabisa, naangalia treni ya mizigo ikijikokota kule ng'ambo ya mashamba, ndipo bibi, aliyekuwa amenyoosha miguu kwenye jamvi anachambua mchicha, akanituma nimletee dawa yake ya kuchua miguu. "Ipo kwenye sanduku, chini ya kitanda."

Dawa niliipata. Ila pembeni yake palikuwa na kibuyu kidogo, shingo yake imezibwa kwa kitambaa, na mimi (hapa ndipo mambo yote yalipoharibikia, msitafute mahali pengine) nikakizibua.

Zikamwagika kiganjani. Shanga, mishipi mingi, nyekundu, nyeupe, nyeusi, zimepangwa kwa mpango ambao sikuwahi kuuona kitabuni wala kwenye simu, kama mtu alikuwa anaimba huku anatunga. Katikati ya mshipi mmoja palikuwa na ushanga wa mpingo, mkubwa kama punje ya hindi, umechongwa kwa mkono. Na uzi wenyewe haukuwa uzi wa dukani, ulikuwa mkonge, mkonge uliosokotwa ukawa mwembamba na laini hata nikauweka shavuni kuhakikisha. (Ndiyo. Niliuweka shavuni. Chekeni tu, mtachoka.) Nikazitandaza juu ya kitanda, mwanga wa dirishani ukaziangukia, nikapiga picha.

"Mume wangu!" bibi akaita kutoka uani. "Dawa umeiona, au umeoa huko ndani?"

Nikazirudisha haraka, nikatoka. Nilitaka kumuuliza, naapa nilitaka, lakini kumuuliza zile shanga ni za nini ni kumwambia nimefungua kibuyu chake, na bibi ni mtu anayejua hata kijiko chake kimeguswa na nani. Kwa hiyo nikapita kando. Nikamuuliza, "Hivi bibi, babu alikuwa anarina asali?"

"Babu yako? Akienda kwetu Handeni alikuwa anapanda juu ya mizinga kama ngedere."

Basi. Hilo ndilo nililolihitaji, yaliyobaki nikajitungia mwenyewe.

Najua mnachotaka kuniuliza. Mwanaume mzima, umekulia mkoa wa Tanga, hujui shanga za kiunoni? Nazijua! Lakini nilizozijua mimi ni zile za plastiki zinazoning'inia sokoni, na kichwani mwangu zilikuwa mali ya wasichana wa rika langu. Kwamba bibi, huyu huyu bibi wa dawa ya kuchua miguu, aliwahi kuwa msichana mwenye kiuno, hilo halikunipitia akilini hata kwa bahati mbaya.

Nikarudi chuoni nikafanya kazi kama mtu aliyepagawa. Lebo nikaizungushia mpango wa zile rangi. Mwalimu Mhina alipoona mchoro kwenye kompyuta, vidoti vya rangi tu vimezunguka karatasi, alivua miwani akasema, "Hapa umefika nyumbani." Sikulala. Nikaona lebo peke yake haitoshi, nikaenda sokoni nikanunua shanga, nikazitunga mwenyewe ili kila chupa ivae zake. Chupa ya kwanza ilikuwa imenyooka, shanga zikawa zinateleza zinaanguka mezani. Nikatafuta nyingine, na nyingine, mpaka nikaipata chupa iliyobanwa katikati na kutanuka vizuri huku chini, shanga zikakaa pale palipobanwa zikatulia kabisa, na mimi nikarudi nyuma hatua kadhaa nikaiangalia, nikajisifu kwamba sasa nimeelewa umbo.

Pendo alikuwa anaomba kuona. "We Rama, nionyeshe basi, mimi si nimekuonyesha ungo wangu?"

"Subiri siku ya maonyesho."

"Unaficha nini, kwani umechora mtihani?"

"Nakujua wewe, utaniibia wazo."

Angeona kwa nukta moja tu angeniokoa. Lakini mimi nilifunika kazi yangu kwa khanga.

Siku ikafika. Bibi alikuja na gari la asubuhi, amevaa gauni lake la sikukuu na mtandio mpya, akakalishwa mbele kabisa pamoja na wageni kutoka Handeni, na kabla shughuli haijaanza nikamwona ameshashikana mikono na mwenyekiti wao, Mama Sekiete, mama mnene mwenye sauti ya kuita ng'ombe waliovuka mto, wanaongea Kizigua kwa kasi ya mvua. Kidole cha bibi kikaninyookea. "Yule pale. Yule mwembamba. Mume wangu."

Nikaitwa. Nikasalimia. Nikavuta khanga kwa mbwembwe, chupa zikaonekana, zimejipanga mstari, kila moja na kiuno chake na shanga zake. Hapo hapo nikafungua bango nililolificha mpaka dakika ile, bango refu kuliko mlango, na juu yake ile picha niliyoipiga kitandani, shanga za bibi zimekuzwa hadi kila ushanga umekuwa kama chungwa.

Ukumbi ukanyamaza.

(Kimya kile. Nilikisoma vibaya kimya kile. Nilidhani ni heshima.)

"Shanga hizi," nikaanza, "zilikuwa za marehemu babu yangu."

Kule nyuma mwanamke mmoja akasema, "Heee!"

"Alizivaa kila alipokwenda kurina asali, na kwa sababu hiyo nyuki hawakumgusa kamwe."

Mama mmoja wa Handeni akajifunika uso kwa mtandio. Mabega yake yakaanza kutikisika. Nikadhani ameguswa, nikaongeza sauti, nikaongeza na mkono, na kwa kuwa niliona karatasi niliyoandaa haitoshi kwa hisia zilizokuwa ukumbini, nikatoa la kutoka kichwani, lile mnalolijua nyote kwenye video: "Jamani, babu yangu alikuwa hawezi kupata usingizi bila kuzishika kwanza."

Sitaeleza kicheko kile. Viti vilisogea vyenyewe. Nilimwona Pendo ameinamisha kichwa katikati ya magoti. Nilimwona Mwalimu Mhina ameangalia bango, kisha chupa, kisha bango tena, halafu kwa mara ya kwanza tangu nimfahamu akavua sweta.

Mama Sekiete akanyoosha mkono, ukumbi ukatulia kidogo. "Mwanangu, swali. Babu alizivaa wapi?"

"Shingoni, mama."

"Zikamtosha?"

"Zilikuwa ndefu kidogo. Nafikiri alikuwa anazizungusha mara mbili."

Wakaanza upya. Ndipo nilipomtafuta bibi kwa macho, kwa sababu bibi hacheki peke yake, akicheka hucheka na mimi. Hakuwa anacheka. Alikuwa analitazama lile bango, ameukazia macho ule ushanga wa mpingo, na pole pole, kama maji yanavyopanda kisimani, nikaelewa. Nikaangalia viuno vya chupa. Nikamwangalia bibi. Jasho likanitoka hata kwenye kope. Bibi akasimama, akajitanda mtandio vizuri, akatoka nje kwa mlango wa pembeni, na hatua zake zilikuwa za mtu anayejizuia kukimbia.

Nikaacha kipaza sauti mezani (kikapiga mluzi, wakacheka na hilo) nikamfuata. Nilimkuta nyuma ya ukumbi kwenye bomba la maji, ananawa uso.

"Bibi, nisamehe. Sikujua. Bibi—"

"Mjukuu," alisema.

Tangu nizaliwe hakuwahi kuniita hivyo. Ingekuwa heri anipige kofi.

"Kufungua kibuyu changu, hilo tutaongea nyumbani," alisema. "Kucheka, waache wacheke, wanawake wote mle ndani wanazo au walikuwa nazo, hawanidanganyi. Lakini mume wangu! Mume wangu umemvalisha shanga mbele za watu. Mwanaume aliyekata mkonge mpaka viganja vikawa kama gome la mti, leo watu wa kwetu wanarudi Handeni kusema alikuwa anatembea na shanga shingoni. Kafa. Atawajibuje?"

Nilikuwa nimehangaika na aibu yangu, kumbe iliyokuwa imeangushwa pale chini ni heshima ya mtu ambaye hata sauti yake siikumbuki.

"Twende nyumbani, bibi. Nitaita bodaboda itupeleke stendi."

Akanitazama kama ninavyotazamwa na mjomba.

"Nyumbani? Nirudi nyumbani nimemwacha mle ndani amevaa shanga?"

Akajifuta uso, akageuka, akaingia.

Pendo alikuwa ndiyo kwanza ameanza kueleza ungo wake. Bibi akapanda pale mbele, akamwambia, "Binti yangu, samahani, nina dogo," akachukua kipaza sauti akakishika kama mwiko wa ugali. Mimi nilibaki mlangoni, nusu ndani nusu nje.

"Hamjambo nyote. Mimi naitwa Zaina. Zile shanga ni zangu."

Ukumbi ukanyamaza tena, na kimya cha safari hii nilikisoma vizuri.

"Mume wangu hakuzivaa. Alizitunga. Alikuja huku kijana, ametoka mbali sana, amekuja kukata mkonge, hana ndugu wala mbuzi. Kwetu walisema huyu mgeni ana nini cha kumpa Zaina? Wanawake wa kwetu walinipa shanga nyingine kama desturi, lakini yeye alisema anataka kunipa zake. Mchana kutwa mkonge unamchana mikono. Jioni anakaa mlangoni anausokota huo huo mkonge, anausugua, anausokota, mpaka ukawa laini ufae kwa ngozi yangu. Ule mweusi wa katikati ni mpingo, kauchonga kwa kisu chake. Rangi zile alizipanga mwenyewe. Hakuna mwingine mwenye mpango ule." Akalitazama bango. "Basi. Zilivaliwa wapi, wenye akili mmeshajua. Asiye na akili akaoe."

Nimesikia vigelegele vingi, vya harusi na vya maulidi na vya kipaimara, lakini vile vya siku ile vilinipanda kutoka nyayoni. Wale mama wa Handeni walisimama wote. Mama Sekiete alimkumbatia bibi mpaka mtandio ukaanguka, wakaongea Kizigua, wakafuta machozi, wakacheka, wakaongea tena, kisha yeye na wenzake wakaizunguka meza yangu, wakawa wanashika chupa moja moja, wanazizungusha shanga kwa kidole, na nikaona kwamba hawazishiki kama watu wanaoshika mzaha.

"Wewe wa mlangoni, njoo," Mama Sekiete akaita. "Asali yetu tumeivalisha mitumba siku zote. Hii tunaitaka. Lakini ile hadithi yako ya nyuki futa. Andika ya huyu."

"Na mimi nina neno," bibi akadakia. "Mfano chukueni. Zangu hapana. Abadilishe mpango wa rangi, na lile libango literemshwe sasa hivi."

Niliteremsha mimi mwenyewe, nikiwa juu ya kiti, ukumbi mzima ukinipigia makofi ya kunisindikiza. Bibi akaliviringisha, akarudi nalo Mnyuzi amelikumbatia kwenye gari. Siku hizi analitandaza uani, picha imetazama chini, anaanikia mahindi.

Lebo nikaichora upya, nimeketi kwenye jamvi pembeni yake, nikimuuliza kila rangi. "Nyekundu ikae hapa?" Hapana. "Nyeusi je?" Hapana, huko ni kwangu. Tulipofika mahali ambapo yeye na mimi tuliridhika, nikatoka nikiwa nimejifunza kwa siku chache vitu ambavyo chuo kisingeweza kunipa. Nyuma ya lebo nikaandika kwa herufi ndogo habari za kijana aliyesokota mkonge jioni. Jina lake nikaliweka kwa ruhusa. Mjomba aliisoma, akaisoma tena, akauliza kama anaweza kubaki na chupa moja.

Lakini bibi alikuwa bado ananiita mjukuu. Mjukuu leta maji. Mjukuu zima taa. Nilikula adhabu hiyo msimu mzima wa mvua, na nikaapa, na naapa tena mbele yenu, kwamba sitachora hata ufa wa chungu cha mtu kabla sijamuuliza mwenye chungu, na nikiona kitu kimezibwa kwa kitambaa, hata kama ni chumvi, nitakiacha kimezibwa.

Kisha tukasafiri naye kwenda Handeni kwa ndugu zake. Basi liliposimama Kabuku wachuuzi wakalizunguka kama kawaida, machungwa, karanga, mayai ya kuchemsha, na ghafla, juu ya vichwa vyao, chupa zangu. Zimeinuliwa kuelekea madirishani, asali inawaka jua, shanga zimezunguka viunoni. Moyo ulinijaa nikashindwa hata kunyoosha kidole. Kiti cha mbele yetu mzee mmoja mwenye kofia akanunua moja, akaisoma lebo pole pole hadi mwisho, midomo ikimcheza, halafu akazivua zile shanga kwenye chupa, akazikunja kwenye leso, akazitia mfuko wa shati, akaupigapiga kuhakikisha zimekaa.

Bibi alikuwa anamwangalia. Basi likaondoka, vumbi likapanda, akawa anatabasamu mwendo mrefu, ametazama dirishani. Halafu akaniegemea begani.

"Mume wangu," alisema, "babu yako angekuwepo pale angezinunua zote. Asingekubali mwanaume mwingine azishike."